Damu ya Mkojo Inapokoma Yenyewe

Damu katika mkojo ina tabia moja inayoifanya iwe ya hatari kuliko dalili nyingi zinazouma, nayo ni kuja na kuondoka bila kuaga. Mtu hukojoa mkojo wa rangi ya maji yaliyooshewa nyama kwa siku mbili au tatu, akashtuka, akanywa maji mengi, pengine akanunua vidonge vya antibiotiki katika duka la dawa la mtaani, na siku ya nne mkojo ukarudi kuwa wa kawaida. Hapo huamini kwamba vidonge vimefanya kazi au kwamba maji yamesafisha, na shauri likaishia hapo. Lakini uvimbe wa saratani ndani ya kibofu huvuja damu kwa vipindi, ukanyamaza kwa wiki kadhaa au hata miezi, kisha ukavuja tena, na ukimya huo hauna uhusiano wowote na vidonge vilivyonunuliwa. Kwa hiyo damu katika mkojo wa mtu mzima, hata ikionekana mara moja tu na hata isipoambatana na maumivu, inastahili kutafutiwa chanzo chake mpaka kijulikane.

Wataalamu huigawa damu hiyo katika aina mbili: ile inayoonekana kwa macho, na ile isiyoonekana ambayo hugunduliwa kwa kijiti cha kupimia mkojo au kwa hadubini, yaani chombo cha kukuzia vitu vidogo. Kiasi cha wekundu si kipimo cha ukubwa wa ugonjwa, kwa kuwa mililita moja tu ya damu inatosha kubadilisha rangi ya lita nzima ya mkojo, na mtu aliyepoteza matone machache anaweza kuona choo chekundu cha kutisha ilhali mwingine mwenye uvimbe mkubwa haoni chochote. Kinyume chake, si kila wekundu ni damu. Bitiruti huweza kuupa mkojo rangi ya waridi, na rifampicini, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, hugeuza mkojo, machozi na hata jasho kuwa ya rangi ya machungwa, jambo ambalo wauguzi wa kliniki za kifua kikuu huwatahadharisha wagonjwa siku ya kwanza ya dawa. Kijiti nacho kina mipaka yake, kwa kuwa hutambua rangi nyekundu ya damu bila kuthibitisha kwamba seli zenyewe zipo, ndiyo maana jibu lake huthibitishwa kwa hadubini. Na mwanamke aliye katika hedhi hushauriwa asubiri siku zake ziishe ndipo apimwe, isipokuwa kama hali yake ni ya dharura.

Katika ukanda wa pwani ya Afrika Mashariki, visiwa vya Unguja na Pemba, na maeneo ya bara yenye malambo na majaruba ya mpunga, kuzungumzia damu ya mkojo bila kuzungumzia kichocho ni kuruka ukurasa wa kwanza wa kitabu. Kichocho ni ugonjwa unaoletwa na minyoo midogo inayoishi ndani ya mishipa ya damu, na minyoo hiyo ina aina zake ambazo wananchi wengi huzichanganya. Aina iliyotawala kando ya Ziwa Victoria kwa kawaida hushambulia utumbo na ini, na mvuvi mwenye aina hiyo hulalamika kuhara damu au kuvimba tumbo. Aina inayotoa damu katika mkojo hupatikana zaidi katika malambo, madimbwi, mifereji na vijito vya maji yanayokwenda polepole, na ndiyo pekee inayoambukizwa Zanzibar. Huko Kenya imezoeleka Kwale na bonde la Mto Tana. Si ugonjwa mpya: mwaka 1851 daktari Mjerumani Theodor Bilharz aliuona mnyoo wenyewe alipokuwa akichunguza maiti jijini Kairo, na mwaka 1910 mayai yake yalipatikana katika figo za maiti za Misri ya kale zilizokaushwa na kuhifadhiwa kwa zaidi ya miaka 3,000.

Njia ya maambukizi inafaa kuelezwa kwa ukaribu, kwa kuwa ushauri wote wa kujikinga umejengwa juu yake. Mtu mwenye kichocho anapokojoa ndani ya maji au kandokando yake, mayai huanguliwa na kutoa viluwiluwi visivyoonekana kwa macho, navyo huingia ndani ya konokono mdogo wa majini, jambo lililothibitishwa na mtafiti Robert Leiper huko Misri mwaka 1915. Baada ya wiki kadhaa konokono huyo huanza kuachia maelfu ya viluwiluwi vya aina ya pili, hasa katikati ya mchana jua linapokuwa kali, saa zilezile ambazo watoto hurukia maji na kina mama hufua, na viluwiluwi hivyo hupenya ngozi isiyo na jeraha lolote katika muda wa dakika chache. Minyoo ikishakomaa, dume na jike hukaa wameshikamana katika mishipa inayozunguka kibofu, na jike hutaga mayai kila siku. Kila yai lina mwiba mdogo kwenye ncha yake moja. Mengine hupenya ukuta wa kibofu na kutoka na mkojo, nayo mengi hukwama humo humo, mwili ukayazungushia kovu. Damu inayoonekana ni ya majeraha ya mayai hayo, na kwa kuwa kibofu hujikamua kwa nguvu zaidi kinapomalizia kazi yake, damu ya kichocho mara nyingi hutoka katika matone ya mwisho.

Mazoea yameufanya ugonjwa huu kuwa mgumu kuugundua. Katika baadhi ya jamii za Afrika ambako karibu kila mvulana hukojoa damu wakati fulani wa utoto wake, wekundu huo umechukuliwa kuwa dalili ya kubalehe, mfano wa hedhi ya wavulana, na kijana asiyeupata ndiye aliyeonekana kuwa na kasoro. Hilo si la kuchekwa, kwani akili ya binadamu huita kawaida kile inachokiona kwa kila jirani. Lakini mzazi anayemwambia mwanawe kwamba yatapita anasema kweli kwa nusu: damu huweza kupungua kadiri mtoto anavyokua na kuacha kuogelea, ilhali mayai yaliyokwama hubaki, makovu huongezeka, na mirija inayoteremsha mkojo kutoka kwenye figo huweza kubanwa hadi figo zikajaa maji kimyakimya.

Kipimo cha kichocho ni rahisi, ila kina saa yake. Mayai hutoka kwa wingi zaidi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, hivyo mkojo wa alfajiri, ambao watu wengi huupeleka maabara kwa kudhani ndio bora, unaweza kutoa jibu la uongo kwamba hakuna ugonjwa. Mhudumu anayeijua kazi yake humwambia mtoto arukeruke au apande na kushuka ngazi kidogo kabla ya kukojoa, huchukua mililita 10 za mkojo, akazichuja kupitia karatasi maalumu, kisha akahesabu mayai kwenye hadubini. Yakifika 50 au zaidi, maambukizi huhesabiwa kuwa mazito. Matibabu ni vidonge vya prazikwanteli, kwa kipimo cha miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, maana yake mtu wa kilo 60 huhitaji miligramu 2,400, ambazo ni vidonge vinne vya miligramu 600. Shuleni, ambako mizani haitoshi, mwanafunzi husimamishwa mbele ya ufito uliochorwa mistari, na mstari unaofikia utosi wake ndio unaoeleza idadi ya vidonge atakavyomeza. Vidonge ni vikubwa na vichungu, na vikimezwa tumbo likiwa tupu huleta kichefuchefu na kizunguzungu. Mzazi anayehakikisha kwamba mtoto amekunywa uji kabla ya kumeza dawa anafanya kazi kubwa kuliko anavyodhani, kwa kuwa mtoto aliyetapika mwaka huu ndiye atakayejificha nyuma ya vyoo mwakani.

Mambo mawili kuhusu dawa hiyo husahaulika. La kwanza ni kwamba huua minyoo iliyokomaa na haiwezi ile michanga, hivyo aliyeambukizwa karibuni huweza kuhitaji kurudia baada ya wiki nne hadi sita, na anayerudi lamboni huambukizwa upya kana kwamba hakuwahi kutibiwa. La pili ni kwamba kwa miaka mingi kampeni za ugawaji ziliwalenga zaidi wanafunzi, ilhali mama mwenye kuchota maji, mkulima wa mpunga na mtoto asiyeanza shule waliachwa nje. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unapendekeza kwamba, katika jamii ambazo watu 10 au zaidi kati ya kila 100 wameambukizwa, dawa itolewe kwa kila mtu kuanzia umri wa miaka miwili, wakiwemo wajawazito waliopita miezi mitatu ya kwanza na wanaonyonyesha.

Kwa wanawake kuna jambo ambalo limeleta dhuluma nyingi majumbani. Mayai ya kichocho hayakai kwenye kibofu peke yake. Huingia pia katika mlango wa kizazi na ukuta wa uke, yakasababisha vidonda vyepesi kutoka damu, uchafu ukeni, maumivu wakati wa tendo la ndoa na hata ugumba. Dalili hizo hufanana mno na za magonjwa ya zinaa, na mhudumu asiyekumbuka kichocho humwandikia mgonjwa dawa za zinaa mara mbili, mara tatu, naye akirudi nyumbani na vidonge vile hulazimika kujieleza kwa mumewe juu ya kosa ambalo hakulitenda. Kwa hiyo mwanamke aliyekulia au anayeishi karibu na maji ya kichocho, na ambaye hana hakika kama damu inatoka kwenye mkojo au ukeni, ana haki ya kulitaja jina la ugonjwa huo yeye mwenyewe mbele ya mhudumu, na kuomba achunguzwe njia zote mbili.

Kichocho kinapoachwa kwa miaka mingi huweza kuishia kwenye saratani. Mwaka 1911 daktari aliyeitwa Ferguson aliandika kutoka Kairo juu ya uhusiano wa ugonjwa huo na saratani ya kibofu, na mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliuweka mnyoo huu rasmi miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu. Katika nchi zisizo na kichocho, saratani ya kibofu huwapata zaidi wazee wa miaka 60 na kuendelea, na kisababishi chake kikuu ni sigara, kwa kuwa sumu za moshi huchujwa na figo zikakaa saa nyingi ndani ya kibofu. Katika maeneo ya kichocho huja mapema zaidi, mara nyingi kwa watu wa miaka 40 na kitu. Hapo ndipo ugonjwa wa kawaida unapogeuka kuwa pazia. Mkulima wa miaka 48 aliyekojoa damu utotoni na akakojoa damu tena sasa hujiambia kwamba ni kichocho chake cha zamani, mhudumu wa zahanati hukubaliana naye, na wote wawili huweza kuwa sahihi huku uvimbe ukikua nyuma ya jibu hilo sahihi.

Vyanzo vingine vinaweza kutajwa kwa ufupi. Maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo watu wa mjini huyaita UTI, huleta damu pamoja na kuchomachoma na haja ya mara kwa mara. Jina hilo hata hivyo limegeuka kuwa gunia la kutilia kila kitu, na mwanaume au mtu mzima anayetibiwa UTI mara ya tatu bila mkojo wake kuoteshwa maabara ili kijulikane kijidudu chenyewe anapaswa kuuliza kwa nini. Mawe ya figo huleta maumivu makali yanayotoka ubavuni kushuka kinenani. Tezi dume iliyotanuka huvuja damu, na wenye selimundu huweza kukojoa damu kwa sababu ya figo kuathirika. Mtoto anayepata mkojo wa rangi ya soda nyeusi au chai ya rangi, akavimba macho asubuhi, wiki moja hadi tatu baada ya kuumwa koo au baadaye kidogo baada ya vidonda vya ngozi, huenda vichujio vya figo zake vimeshambuliwa, na anahitaji kupimwa shinikizo la damu siku hiyohiyo. Kuhusu anayetumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, desturi ya kuilaumu dawa ni ya kuachwa: mara nyingi dawa hiyo huifanya damu ionekane mapema, lakini kidonda kinachovuja kilikuwepo, naye asiiache kwa uamuzi wake mwenyewe.

Zipo hali zisizosubiri miadi. Mtu anayetoa mabonge ya damu kisha mkojo ukamgoma kabisa, tumbo la chini likajaa na kuuma, anahitaji hospitali usiku huohuo, kwani mabonge yameziba njia na kuondolewa kwake hutaka mpira wa mkojo. Ni hivyohivyo kwa mwenye homa na kutetemeka pamoja na maumivu ya ubavu, kwa mjamzito, kwa aliyepigwa au kuanguka na bodaboda kisha akakojoa damu, kwa anayeona kizunguzungu na moyo kwenda mbio, na kwa mgonjwa wa malaria ambaye mkojo wake umekuwa mweusi, kwa maana weusi huo huonyesha kwamba chembe za damu zinapasuka ndani ya mishipa.

Anayekwenda hospitali bila dharura husaidiwa sana na maandalizi madogo. Kwa kuwa mkojo huweza kuwa umeshasafika siku ya kuonana na daktari, picha iliyopigwa kwa simu siku ya tukio, hata ikiwa ya aibu, ni ushahidi wa maana. Inafaa pia mgonjwa akumbuke damu ilitoka wapi katika safari ya mkojo: ikitangulia mwanzoni kisha mkojo ukawa safi, chanzo huelekea kuwa mrija wa kutolea mkojo, ikija mwishoni, shingo ya kibofu au kichocho hufikiriwa, ikichanganyika mwanzo hadi mwisho, chanzo huweza kuwa kibofu, mirija ya juu au figo zenyewe. Huongezwa maelezo ya dawa zote anazotumia, za miti shamba zikiwemo, sigara na miaka aliyovuta, kazi za rangi na kemikali, ugonjwa wa figo katika ukoo, na maji aliyowahi kuogelea au kulimia tangu utoto.

Vipimo huanza na vile vya gharama ndogo, yaani kijiti, hadubini, kuotesha mkojo, shinikizo la damu na kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha utendaji wa figo, kisha hufuata altrasaundi. Majibu ya altrasaundi yanapoandikwa kuwa ya kawaida, wengi huondoka wakiwa wamefarijika mno, ingawa kipimo hicho huweza kukosa uvimbe mdogo au ulio bapa. Kwa mtu mzima ambaye damu yake ilionekana kwa macho na haikupata maelezo, hatua inayostahili ni sitoskopia, ambayo ni kuingiza mrija mwembamba wenye taa na kamera kupitia njia ya mkojo ili ukuta wa kibofu uonekane moja kwa moja. Hofu ya kipimo hicho, hasa kwa wanaume, ni kubwa kuliko kipimo chenyewe: jeli yenye ganzi hutiwa kwanza, kuangalia huchukua dakika chache, na kwa siku moja au mbili baadaye mkojo huwasha na huweza kuwa na wekundu kidogo. Daktari akiona pa kutilia shaka huchukua kinyama, yaani kipande kidogo cha nyama cha kupimwa. Huduma hii kwa kawaida hupatikana katika hospitali za rufaa, hivyo barua ya rufaa hutakiwa, na mgonjwa asione haya kuiomba. Nchini Uingereza mwongozo wa madaktari unataka mtu wa miaka 45 na kuendelea mwenye damu inayoonekana, isiyoelezwa na maambukizi au iliyorudi baada ya maambukizi kutibiwa, apewe rufaa ya haraka ya kuchunguzwa saratani. Penye kichocho cha miaka mingi ni busara kuanza kuwa na wasiwasi mapema kuliko umri huo.

Aliyepewa dawa, iwe ya UTI au ya kichocho, hajamaliza mpaka mkojo wake upimwe tena. Kwa UTI, wiki nne hadi sita baada ya kumaliza dozi zinatosha kuona kama damu imeondoka kwenye kijiti. Kwa kichocho majeraha ya kibofu huchukua miezi kadhaa kupona, na damu inayoendelea baada ya hapo, au mayai yanayozidi kuonekana, hurudisha mgonjwa kwa daktari. Kadi na majibu ya vipimo vyote vihifadhiwe katika bahasha moja, kwa kuwa daktari wa kituo kinachofuata asipoyaona huanza upya, na kuanza upya kwa kawaida huanza tena na antibiotiki.

Kwa waliohama, bahasha hiyo ni muhimu zaidi. Mnyoo wa kichocho kwa kawaida huishi miaka kadhaa, na imewahi kutokea ukadumu zaidi ya miaka 20, hivyo mtu aliyeogelea vijitoni Pemba akiwa mtoto anaweza kuanza kukojoa damu akiwa mfanyakazi wa Muscat au Toronto, mbele ya daktari ambaye pengine hajawahi kuuona ugonjwa huo tangu alipousoma chuoni. Daktari huyo atafikiria mawe, atafikiria saratani, na ni sawa afikirie. Lakini hatafikiria kijito asichokijua, wala kuomba mkojo wa mchana uchujwe na kutafutwa mayai, mpaka mgonjwa amtajie kwamba alikulia karibu na maji hayo.